Unataka Kupiga Vyuma? Anza na Mwili Wako

Bila shaka shuleni kwenu mambo yameanza kuchangamka. Timu zinachaguliwa, kila mtu anataka namba kwenye kikosi cha UMISSETA, na ghafla kila kona unasikia habari za kupiga vyuma. Mmoja anakwambia bila misuli utasukumwa uwanjani kama karatasi. Mwingine anakuonya kwamba ukinyanyua vitu vizito ungali mdogo utadumaa, ubaki mfupi hivyo hivyo mpaka uzeeni. Wa tatu anakunong'oneza kwamba kuna vidonge, ukimeza tu kifua kinajaa.

Sasa nani anasema kweli? Tulia, tulijadili hili jambo waziwazi.

Je, vyuma vinadumaza?

Huu ndio uvumi ulioenea kuliko wote, na una chanzo chake. Mifupa mirefu ya mikono na miguu hukua kwenye ncha zake. Huko kuna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe, ambalo huongezeka na kugeuka mfupa kidogo kidogo. Ukimaliza kubalehe, tabaka hilo lote huwa limekuwa mfupa, na urefu unaishia hapo. Kwa wasichana hali hii hutangulia, wavulana hufuata baadaye.

Watu wakaogopa kwamba uzito utaliponda hilo tabaka. Ni kweli linaweza kuumia. Huumia mtu anapoanguka vibaya, anapoangukiwa na chuma, au anapong'ang'ania mzigo uliomzidi. Lakini mazoezi ya uzito yaliyopangwa vizuri hayajaonekana kumpunguzia kijana urefu. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Kilieleza kwamba mazoezi haya ni salama na yana faida kwa watoto na vijana, mradi wafundishwe mtindo sahihi na wasimamiwe. Urefu wako unategemea zaidi wazazi wako, chakula na afya yako tangu utotoni.

Basi hatari iko wapi? Iko kwenye haraka na mzaha. Huko huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia watu walioumia kwa vyuma na kukimbizwa hospitali. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, majeraha mengi yalikuwa ya viganja na nyayo: chuma kimewaangukia au kimewabana vidole. Kilichowaumiza ni uzembe, si zoezi lenyewe.

Ubongo hutangulia, misuli hufuata

Wengi wakianza mazoezi hujitazama kwenye kioo kila asubuhi. Wiki tatu zinapita, mkono ni ule ule. Wanakata tamaa, au wanaongeza uzito ovyo. Usifanye hivyo!

Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa. Sababu ni kwamba msuli hufanya kazi kwa amri ya ubongo inayopitia mishipa ya fahamu. Mtu ambaye hajazoea hutumia sehemu tu ya nyuzi za misuli yake, tena kwa vurugu. Ukirudia zoezi kwa usahihi, ubongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo unaweza kuwa umeongezeka nguvu kabisa na shati lako bado linakutosha vizuri.

Hapo utaona kwa nini mtindo ni muhimu. Ubongo hujifunza kile unachourudishia. Ukirudia zoezi kwa mgongo uliopinda, mwili nao unazoea mgongo uliopinda.

Hatua ya kwanza: wiki nne bila uzito

Uzito wa kwanza unao tayari, ni mwili wako. Fanya mazoezi haya siku mbili au tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usiyafanye siku mbili mfululizo, kwa sababu misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Kabla ya kuanza, kimbia polepole na kunyoosha viungo kwa dakika 5 hadi 10.

Kuchuchumaa na kusimama. Tanua miguu kama upana wa mabega. Shuka kana kwamba unakalia kigoda. Visigino visinyanyuke, mgongo usipinde, na magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu. Magoti yakiingia ndani na kugongana, ujue bado hujawa tayari kubeba kitu.

Pushapu. Mwili unyooke kutoka kichwani hadi visigino. Ukishindwa, weka magoti chini au egemea ukingo wa dawati lililo imara. Hakuna aibu.

Ubao. Lala kifudifudi, kisha jiinue ukiegemea viwiko na vidole vya miguu. Kaa hivyo sekunde 20, baadaye 30. Tumbo na mgongo ndivyo vinavyofanya kazi hapa.

Hatua ndefu. Piga hatua mbele, shusha goti la nyuma mpaka likaribie kugusa chini, rudi. Kisha mguu wa pili.

Kusimama kwa mguu mmoja. Sekunde 30 kila mguu. Linaonekana zoezi la mchezo, lakini jaribu uone.

Kwa mazoezi ya kurudia, fanya mara 10 hadi 15, pumzika dakika moja au mbili, halafu rudia mzunguko mmoja zaidi.

Unadhani haya ni ya kitoto? Kuna utaratibu wa mazoezi uitwao FIFA 11+, unaochukua kama dakika 20 na hauhitaji chuma hata kimoja. Ndani yake kuna kukimbia, kuruka, kuchuchumaa, ubao na kusimama kwa mguu mmoja. Mjini Lagos, Nigeria, watafiti waliujaribu kwa vijana wa kiume 416 wa miaka 14 hadi 19, kutoka timu 20 za soka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba timu zilizoutumia zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Mchezaji asiyeumia ndiye anayecheza, siyo?

Hatua ya pili: dumu la maji

Mtindo ukishanyooka, sasa unaweza kuongeza uzito. Huna gym? Usijali. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5, na la lita 10 ni kilo 10. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, lita moja hufikia karibu kilo moja na nusu. Hapo tayari una vyuma vyako, tena unajua vina kilo ngapi.

Shika dumu kifuani kwa mikono miwili, chuchumaa na kusimama. Au inama kutoka kiunoni mgongo ukiwa umenyooka, vuta dumu kuelekea mbavu. Chagua uzito unaoweza kuurudia mara 10 hadi 15, huku zoezi la mwisho likiwa safi kama la kwanza. Ukianza kuyumba au kubana pumzi, mzigo umekuzidi, upunguze. Toa pumzi unaponyanyua, vuta unaposhusha.

Lini uongeze? Ukiweza mizunguko yote bila kuharibu mtindo, kwa siku mbili za mazoezi, ongeza asilimia 5 hadi 10 tu. Kama unabeba kilo 10, ongeza maji nusu lita au lita moja. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Mwenda pole hajikwai.

Ile michezo ya "tuone nani atanyanyua kingi zaidi" achana nayo kabisa. Hata makocha hawamruhusu mwanafunzi anayeanza kujaribu uzito wake wa mwisho.

Kama mtaani kwenu kuna vyuma vya kutengenezwa, yale makopo ya saruji na bomba, vikague kwanza. Saruji imepasuka? Kopo linacheza? Usitumie. Usilale chini ya chuma ukiwa peke yako, awepo mwenzako wa kukipokea. Usining'inie kwenye goli ambalo halijafungwa chini, linaweza kukuangukia na kuua. Na muombe mwalimu wa michezo akutazame, kwa sababu mgongo wako wewe huuoni.

Dada, na wewe pia

Wasichana wengi hukwepa mazoezi haya wakiogopa kuota misuli kama baunsa. Mwili wa msichana una homoni ya testosteroni kidogo mno ukilinganisha na wa mvulana, kwa hiyo hutakuwa baunsa kwa dumu la lita 5. Utakachopata ni nguvu ya kuruka kwenye netiboli, mifupa imara, na magoti yanayohimili kutua na kugeuka ghafla. Goti ni sehemu ambayo wachezaji wa kike huiumiza sana.

Ukiwa kwenye hedhi unaweza kufanya mazoezi kama unajisikia vizuri. Lakini kama ulikuwa unapata hedhi kisha ikakatika kwa miezi mitatu, usifurahi kwamba umepumzika. Mara nyingine ni dalili kwamba unafanya mazoezi mengi na chakula ni kidogo. Nenda kituo cha afya ukaelezwe.

Vidonge na sindano: usidanganyike!

Dawa za kukuza misuli, zile za jamii ya steroidi, zinafanana na testosteroni. Kwa mvulana korodani hunywea na matiti yanaweza kuota. Kwa msichana sauti huwa nzito, ndevu huota na hedhi huvurugika. Ini na moyo navyo huathirika. Mkichangia sindano, mnaweza kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Halafu sikiliza hili. Kwa kijana ambaye bado anakua, dawa hizi huweza kulifunga mapema lile tabaka la ukuaji tulilolisema. Yaani mtu anaogopa vyuma visimdumaze, anameza kidonge ndicho kinamdumaza!

Mwaka 1988 mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mita 100 za Olimpiki kwa sekunde 9.79. Siku chache baadaye vipimo vikaonyesha steroidi, akanyang'anywa medali ya dhahabu. Dunia ikamkumbuka kwa dawa, si kwa mbio.

Protini ya kujenga misuli ipo kwenye maharage, dagaa, mayai, karanga na maziwa. Kula ugali au wali wako ushibe, kunywa maji ya kutosha, na ulale saa 8 hadi 10. Kukesha na simu kunakula mazoezi yako.

Maumivu gani ni ya kawaida?

Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya ni kawaida. Lakini simama mara moja ukisikia maumivu makali ya ghafla, kiungo kikivimba, ganzi, kizunguzungu, au kifua kikibana. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi makali, wahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani misuli huenda imeharibika na figo ziko hatarini.

Kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kifafa, pumu au selimundu, yaani sikoseli, zungumza na daktari kabla hujaanza. Wengi wao wanaweza kufanya mazoezi, ila kwa mpango unaowafaa. Na mwambie mwalimu wako, usifiche.

Haya, chukua daftari. Andika tarehe, zoezi, umerudia mara ngapi na lita ngapi. Usilinganishe daftari lako na la jirani, kwa sababu mnabalehe kwa nyakati tofauti, na aliyekutangulia kuota ndevu atakutangulia pia nguvu. Linganisha ukurasa wa leo na wa mwezi uliopita. Kazi kwako!