Mhasibu anavyompa mwalimu mkuu muda wa darasa

Ukimkosa mwalimu mkuu shuleni, huenda yuko benki au halmashauri anahangaika na vocha.

Tangu elimu bila ada ianze Tanzania Januari 2016, ruzuku ya shule za msingi huingia kwenye akaunti ya shule. Matumizi yanataka risiti, na taarifa iingizwe kwenye mfumo wa fedha. Shule nyingi hazina mhasibu, hivyo mzigo unamwangukia mwalimu, mtu aliyesomea kufundisha, siyo kufunga hesabu! Hoja ya ukaguzi ikija, mwalimu mkuu ndiye anajibu.

Akiwepo mhasibu, vocha na usuluhisho wa benki ni kazi yake. Mkuu anahakiki, anasaini, kisha anaenda kukagua maandalio ya masomo na kujua nani darasa la tatu bado hajui kusoma.