Urefu wa Pigo ni wa Betri

Harusi ya kijijini Usambara, umeme ukikosekana, huendeshwa kwa betri ya gari na amplifaya ndogo ya dijitali. Amplifaya hiyo inastahili sifa: hupeleka hadi asilimia 90 ya umeme kwenye spika, wakati zile nzito za zamani hugeuza karibu nusu, mara nyingine zaidi, kuwa joto.

Siri ni kwamba transista zake ama zimewaka kabisa ama zimezima kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde. Sauti ya mwimbaji hulinganishwa na wimbi la pembetatu: ikilizidi wimbi, transista huwaka; ikiwa chini yake, huzima. Sauti ikipanda mapigo ya umeme hunenepa, ikishuka hukonda. Hiyo ndiyo modulesheni ya upana wa mapigo. Koili na kapasita huchuja mapigo hayo, spika ikapata wastani wake, yaani sauti yenyewe.

Lakini upana wa pigo hutoka kwa mwimbaji, na urefu wake hutoka kwa betri. Volti zikishuka kutoka 12.6 hadi 11.4, kila pigo hufupika kwa karibu asilimia 10. Zikishuka taratibu, sikio huvumilia. Kinachoudhi ni besi. Muziki unatakiwa uvuke bonde, besi inaongezwa, na kila inapopiga volti huzama, sauti ya mwimbaji ikizama nayo. Watu husema spika imechoka. Spika haina kosa.

Dawa yake ni mrejesho hasi, aliouchora Harold Black wa Bell Labs tarehe 2 Agosti 1927 kwenye ukurasa wa gazeti, akiwa ndani ya kivuko cha mto Hudson, Marekani. Sehemu ya kinachotoka hurudishwa na kulinganishwa na kilichotakiwa. Pigo likifupika, mrejesho hulinenepesha kufidia. Kwa amplifaya ya dijitali hili si pambo. Bila mrejesho, betri nayo inaimba.

Ugumu uko kwenye koili, kwa kuwa huchelewesha ishara. Masahihisho yakichelewa mno huongeza kosa badala ya kulipunguza, na saketi hulia yenyewe kama maikrofoni iliyosogezwa karibu na spika. Ndiyo maana amplifaya nyingi huchukua mrejesho kabla ya koili, na kasoro za koili hubaki bila kusahihishwa. Mhandisi Bruno Putzeys, alipokuwa Philips mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliuchukua baada ya koili, akaacha saketi ijilie kwa makusudi: kule kulia ndiko kunakozaa mapigo, wala pembetatu haihitajiki tena. Kwangu huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Hata hivyo mrejesho hauumbi umeme. Pigo likishajaa halinenepi tena. Volti 12 kwa spika ya omu 4, hata transista zikifungwa kwa mtindo wa daraja, hutoa wati 18 hivi za sauti safi kwa chaneli, isipokuwa kuna saketi ya kupandisha volti. Boksi linaloahidi mamia ya wati kutoka betri hiyo bila saketi hiyo linadanganya.

Mafundi wa Lushoto, Soni na Mlalo, tumieni waya mnene na mfupi kutoka kwenye betri, wekeni kapasita kubwa karibu na amplifaya, kisha jaribuni besi nzito pamoja na sauti ya mtu kabla ya kumkabidhi mteja.