Mlima Hauvuti Ndege

Ndege inayotoka Wilson, Nairobi, kwenda uwanja mdogo wa Kabunde, karibu na Rodi Kopany, Homa Bay, huvuka vilima vya Ngong, Bonde la Ufa, kisha nyanda za juu za Mau. Juni 10, 2008, ndege ndogo ilianguka Enoosupukia, upande wa Mau, na kuwaua waziri Kipkalya Kones na waziri msaidizi Lorna Laboso. Juni 10, 2012, helikopta ya polisi iliyokuwa ikielekea Ndhiwa ilianguka katika msitu wa Ngong. Watu sita walikufa, wakiwemo waziri George Saitoti na mbunge wa Ndhiwa, Joshua Orwa Ojode. Ajali za namna hii huzaa swali lile lile: milima hiyo ina sumaku gani?

Haina. Bodi ya ndege nyingi ni alumini, na sumaku haishiki alumini. Mwenye shaka atoe sumaku kwenye spika ya redio mbovu, aiweke ubavuni mwa sufuria ya alumini, aone itakavyodondoka. Mlima wenye nguvu ya kunasa ndege angani ungeanza na malori ya chuma yanayoupanda kila siku, lakini hakuna lori lililowahi kuganda mwambani. Ni kweli kwamba miamba ya volkano ina madini ya chuma, na dira ikiwekwa juu yake sindano huweza kupotoka. Kupotosha sindano si kuvuta tani kadhaa. Wanaoona mkosi katika tarehe ya Juni 10 nao waeleze ajali ya ndege ya Point Lenana, Mlima Kenya, ya Julai 19, 2003, na ya Marsabit ya Aprili 10, 2006.

Ajali nyingi za milimani hutokea ndege ikiwa nzima na rubani akiwa macho: wingu limeficha mlima, na kimo ni kidogo. Juni 5, 2018, ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga Aberdare, ikaua watu wote 10. Uchunguzi ulitaja mipango duni ya safari na kuruka chini ya kimo salama. Upepo nao, ukishavuka kilele, humwagika upande wa pili na kuishusha ndege ndogo kwa kasi kubwa kuliko inavyoweza kupanda. Kwenye futi 10,000 hewa imebaki takribani robo tatu ya ile ya pwani, hivyo injini ya kawaida, panga boi na mabawa vyote hupungukiwa nguvu.

Kinga inajulikana: kupita angalau futi 2,000 juu ya kilele pakiwa na mawingu, marubani wawili, kifaa cha kuonya kuhusu ardhi iliyo mbele, na kugeuka mapema. Abiria aulize kuhusu hayo kabla ya kulipa. Rubani akiahirisha safari kwa sababu ya mawingu, asishinikizwe, hata kama mazishi yanasubiri. Basi la kupitia Narok na Kisii bado lipo.