Wasee wa Kashojwa Wanafuma na Hawaombi Mtu Ruhusa

Msee, kwanza tuelewane kwa hesabu. Mimi hapa Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nahesabu bei zote kwa rolex. Si saa. Rolex ya Uganda: chapo moto, mayai, kabeji, nyanya, kunja, kula. Kila mtu huku anajua rolex moja inakufikisha wapi, kwa hivyo hakuna atakayekudanganya. Ndoano ya kroshea? Rolex moja. Boli la uzi usiotoa rangi? Rolex tatu. Bucket hat iliyoiva? Tulia, tutafika.

Jioni, jua likilegea upande wa ziwa, pita nyuma ya kinyozi. Mbogi iko pale juu ya jerikeni za njano. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na Mhabeshi mmoja ambaye haongei kabla ya chai. Ndevu zimechongwa. Ndula safi licha ya vumbi. Na kila msee ana ndoano mkononi.

Halafu anapita mzae wa jirani. Saa ileile, fimbo ileile, laini ileile: "Mwanaume na uzi? Hiyo ni kazi ya mama yako."

Kila. Siku.

Najua kinachomsumbua. Akisikia kroshea anaona vitambaa. Unavijua, usijifanye. Vile vyeupe vya kochi. Kimoja juu ya tivii, kimoja juu ya redio, kimoja juu ya kitambaa kingine. Ukiegemea vibaya kinateleza, mathe anakukata jicho kama umechoma nyumba. Manzi akija kwenu mara ya kwanza, vitambaa ndivyo vinamsalimia kabla yako. Aibu ya kizazi kizima, imefuliwa na kupigwa pasi.

Lakini shika hii. Pete ileile ya kwanza, vifundo vilevile, ndoano ileile. Toa uzi mweupe, weka kijani na chungwa. Toa kwa tivii, weka kwa kichwa. Hiyo ndiyo luku inayozunguka TikTok saa hii. Mathe alikuwa na kipaji cha kuomoka, akakivisha redio.

Na hii ya "kazi ya wamama", mzae angeuliza babu yake kwanza. Uganda hapa, olubugo, ile nguo ya gome la mutuba, hugongwa na wanaume wa ukoo wa Ngonge tangu enzi za Makabaka, wafalme wa Buganda. UNESCO waliitambua 2005. Kasai kule Kongo, kwa Wakuba, mwanaume ndiye hufuma rafia, mwanamke anaitarizi. Dorze, kusini mwa Ethiopia, wanawake wanasokota pamba na wanaume wanakaa kwenye mtande. Mogadishu je? Ibn Battuta alifika 1331 akakuta nguo za mji ule zinauzwa hadi Misri, na ufumaji wa pale ulikuwa mkate wa wanaume. Sasa angalia jerikeni zetu. Mkongo yuko. Mhabeshi yuko. Msomali yuko. Hawa wasee hawajaiga mtu.

Ukitaka ya juzijuzi, Tokyo, Olimpiki ya 2021. Tom Daley, yule Mwingereza wa kuruka kwa maji, dhahabu ameshaweka mfukoni, amekaa na mashabiki anafuma. Huo mfuko wenyewe aliufuma yeye, medali isikwaruzike. Nilimwonyesha mzae picha kwa simu. Akasema labda huyo hana mama. Nikaacha.

Haya, kofia. Unaanza na pete ya uzi kidoleni. Unaingiza vifundo sita, unavuta, pete inajifunga. Raundi ya pili, kila kifundo unakipa pacha: kumi na mbili. Ya tatu, kumi na nane. Ya nne, ishirini na nne. Kila raundi inaongeza sita, hakuna zaidi. Ukisahau kuongeza, kitu kinajikunja kinakuwa bakuli. Ukizidisha, kinapiga mawimbi kama sketi ya kwaya. Ukifika kama raundi ya nane unakiweka utosini. Kikilala flati, unaacha kuongeza na ukuta unaanza kushuka wenyewe. Ukifika usawa wa masikio unaongeza tena, ukingo unafunguka. Uzi hausikilizi stori. Ukikosea raundi ya tano, hata uwe sonko, unafumua mpaka ya tano.

Bei sasa. Mabola mawili ni rolex sita. Ongeza jioni mbili za mikono. Tunauza rolex kumi na tano, na hatushuki.

Nilipeleka kofia tano Mbarara, nne zikiwa na rangi za TikTok. Moja ilikuwa rangi ya bihogo, ile kahawia iliyoiva ya ng'ombe wa Ankole ambayo Wahima wangeitungia shairi. Bihogo iliondoka kabla sijafungua begi vizuri. Halafu akaja chali mmoja wa chuo, amedunga safi, akashika ya kijani, akavuta, akanusa, akasema kwa mivumba anapata kofia kwa rolex mbili. Buda, kaa chini nikuambie. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka wa 1589. Zaidi ya miaka mia nne mashine zinafuma. Lakini kroshea ya kweli, hii ya ndoano moja, bado ni ya mkono. Ukiona ya rolex mbili popote duniani, jua kuna mtu aliketi akaifunga fundo kwa fundo, na mtu huyo huenda hakulipwa vya kutosha. Chali alinyamaza. Alilipa kumi na tano.

Kitu kingine: usininunulie kwa huruma. Kuna wateja wakisikia Nakivale, sura inabadilika, wanaanza kuongea polepole kama uko hospitali. Zii. Jiangalie kwa kioo. Kama kofia haikuwaki, irudishe. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, wasee watatu kutoka Spokane, Marekani, walicheza vizuri. Walikuwa wakijifumia kofia za baridi wakiwa sekondari, watu wakawaita Krochet Kids, wakalibeba jina. 2007 wakaja Gulu kufundisha wamama waliotoka kwenye kambi za waliokimbia vita, na kila kofia ikawa inatiwa sahihi na mama aliyeifuma. Jina la fundi, kwa mkono wake. Hiyo tumeichukua. Ndani ya ukingo wa kofia zetu kuna jina la aliyefuma. Hakuna picha ya mtu analia.

Hapa niongee taratibu kidogo. Nakivale iko tangu 1958, na kazi ambayo watu wamefanya sana hapa ni kusubiri. Unasubiri intavyuu. Unasubiri jina litoke kwa orodha. Unasubiri posho, ambayo WFP waliikata kwa 30% Aprili 2020 na haijawahi kunenepa tena. Mradi ukija unaita wamama na watoto. Fiti, wanastahili kila kitu. Lakini msee wa miaka 22 asiye na shamba wala ada ya shule anaambiwa ajikaze. Anajikaza kwa waragi. Nimewaona, nimekua nao.

Kwa jerikeni hakuna anayekuuliza "unajisikiaje". Ungekimbia. Lakini macho yakiwa kwa uzi, mdomo unafunguka wenyewe. Kuna msee wetu wa Masisi, kule Kongo, mwaka mzima hakuwahi kusema alivyofika. Jioni moja, katikati ya raundi, akaanza. Barabara, usiku, kaka yake aliyebaki nyuma. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna aliyesema pole. Ndoano zote ziliendelea, taratibu zaidi. Alipomaliza akaomba mkasi. Mhabeshi akampa, na chai yake pia. Msee wa Masisi alirudi kesho yake, na keshokutwa, na sasa ndiye anafundisha watoi.

Watoi wanajifunza sare. Kila kofia ikiuzwa, rolex mbili zinaingia kwa mkebe wa maziwa ya unga wenye kufuli. Mkebe ndio unanunua ndoano na boli la kwanza la mtoi mpya. Akiuza yake ya kwanza, naye analisha mkebe. Hakuna mkubwa wa mkebe. Ufunguo unazunguka kila wiki, na kuhesabu ni mbele ya watu.

Saa hii tuna oda ya kofia kumi na mbili kutoka Mbarara, zote bihogo. Mzae ameshapita, laini yake ameshatoa, fimbo inasikika kule kwa kinyozi. Watoi wanne wapya wamekaa chini, kila mmoja na pete ya uzi kidoleni. Nimegundua kitu: Kiswahili tunaongea wote, lakini kwenye kuhesabu kila mtu anarudi kwao. Mrundi ananong'ona rimwe, kabiri, gatatu. Msomali yuko kwa kow, laba, saddex. Mhabeshi, and, hulet, sost. Fujo tupu, kila mtu na spidi yake, halafu mmoja anapaza lix, mwingine gatandatu, mwingine sidist, na pete nne zinavutwa kufungwa.