Dawa ya Dukani na Dawa ya Daktari: Njia za Kupunguza Kolesteroli

Mtu mwenye kolesteroli nyingi katika damu hasikii maumivu wala homa. Hatari hujikusanya kimyakimya kwa miaka mingi katika kuta za ateri, mpaka siku ateri ya moyo au ya ubongo inapozibwa na donge la damu. Hata hivyo, kolesteroli yenyewe si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga utando wa seli, homoni na nyongo. Na sehemu kubwa yake haitoki katika chakula, bali hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini.

Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, alianza kuchunguza kuvu katika maabara ya kampuni ya Sankyo mjini Tokyo. Alitafuta kitu cha kuzuia kimeng'enya kinachoongoza utengenezaji wa kolesteroli. Baada ya kupima aina zipatazo 6,000, mwaka 1973 alikipata katika kuvu iitwayo Penicillium citrinum. Huo ndio mwanzo wa dawa ziitwazo statini. Ini likizuiwa kutengeneza kolesteroli ya kulitosha, huongeza vipokezi vya kunasa chembe za LDL zinazobeba kolesteroli katika damu. Mwaka 1994, utafiti wa Skandinavia uliohusu wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30.

Je, vipo vitu vya kufaa visivyohitaji cheti cha daktari? Vipo. Nyuzinyuzi za shayiri hushika nyongo katika utumbo na kutoka nayo, hivyo ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo mpya. Steroli za mimea, gramu 2 kwa siku, huzuia kolesteroli isifyonzwe utumbonini, na hupunguza LDL kwa kiasi cha asilimia 10. Lakini statini huipunguza kwa asilimia 30 hadi 50, kadiri ya aina na kipimo. Kwa hiyo chakula ni msingi mwema kwa kila mtu, ila hakitoshi kwa aliyekwisha kupatwa na ugonjwa wa moyo.

Kati ya makundi hayo mawili umo mfano wenye mafunzo makubwa: mchele mwekundu wa Kichina, uliochachushwa kwa kuvu ya Monascus. Huuzwa kama kitu cha asili, kinyume cha dawa za viwandani. Kumbe monakolini K iliyomo ndani yake ni molekuli ile ile ya lovastatini, statini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987! Anayeumeza anakunywa statini bila kujua kiasi chake, kwa kuwa kiasi hicho hutofautiana kati ya chupa na chupa. Zaidi ya hayo, kuvu yaweza kuzalisha sumu. Mwaka 2024, huko Japani, vidonge vya mchele huo viliondolewa madukani baada ya watumiaji kuugua figo.

Basi, msomaji, neno "asili" halitupi hakikisho la usalama, wala neno "kemikali" si tishio. La kuuliza ni haya: ni molekuli gani, kwa kiasi gani, na nani aliyeipima? Mwenye shaka juu ya damu yake na aipime kwanza. Na anayetumia statini amwarifu daktari akisikia maumivu ya misuli, au akipata mimba, wala asijichanganyie dawa mwenyewe.