Taa Hafifu za Lori: Tupime Kabla ya Kununua

Msimu wa mazao ufikapo, malori ya vyama vyetu hulazimika kusafiri hata usiku. Lori la miaka mingi huweza kuwa na injini nzima, lakini taa zake za mbele zikatoa mwanga wa manjano usiofika mbali. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Dereva asiyeona mbali hana nafasi ya kumwepa mwenye baiskeli.

Katika kukagua vitabu vya chama kimoja, nilikuta vocha za globu na betri zilizonunuliwa mara kwa mara kwa lori lile lile, na taa zikabaki vile vile. Fedha za wanachama zilitumika kabla ya ubovu kujulikana.

Mara nyingi umeme upo, ila hupotea njiani. Yafaa tuufuate kama tufuatavyo mzigo wa pamba: tulinganishe uliotoka ghalani na uliopokelewa kiwandani. Tena upungufu mdogo hudhuru sana, kwani globu ya kawaida ikikosa sehemu moja ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga.

Kwanza, lori lisimame kwa breki ya mkono, injini ingurume na taa ziwashwe. Fundi apime volti kwenye betri. Lori la volti 12 lionyeshe karibu 14, na la volti 24 lionyeshe karibu 28. Zikiwa pungufu, atazame mkanda wa altaneta, altaneta yenyewe na vichwa vya betri. Taa zinazong'aa injini ikikazwa na kufifia ikipolewa huashiria ubovu wa upande huo.

Pili, apime nyuma ya globu, taa zikiwa zinawaka. Katika lori la volti 12, ikiwa zimepungua kwa zaidi ya volti moja kuliko zile za betri, pana upotevu. Ikiwa taa moja tu ni hafifu, aanze na waya wake wa erthi: afungue skrubu, akwangue kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kisha akaze. Ikiwa zote mbili ni hafifu, achunguze swichi, viungo vya waya na kishikio cha fyuzi. Kiungo kinachopata moto ndicho mwizi.

Tatu, volti zikiwa kamili, atazame taa yenyewe. Sahani ya ndani inayorudisha mwanga ikiwa imeota kutu au imekuwa nyeusi, haina budi kubadilishwa.

Tuwaonye madereva wasitie globu kubwa zaidi ili kuficha ubovu. Globu hizo huvuta umeme mwingi, zikayeyusha swichi na hata kuunguza waya. Dawa bora kwa lori kuukuu ni kufunga rilei, ili taa zipate umeme kwa waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri.

Kwa hiyo, kamati zisiidhinishe vocha ya betri wala globu za lori lenye taa hafifu mpaka fundi awe ameandika katika daftari la gari volti alizozipima kwenye betri na kwenye kila taa. Vipimo hivyo huchukua muda mfupi, navyo hulinda mfuko wa chama na maisha ya watu.