Mikate ya Kujaza: Chakula Chepesi Kinachorudisha Familia Kwenye Sinia Moja

Ipo saa ya jioni ambayo wazazi wengi wanaifahamu vyema. Swala ya Magharibi imekwisha, mama amerejea kutoka kazini au sokoni akiwa hoi, watoto wana njaa, na harufu ya chipsi za mtaani inaingia dirishani. Hutolewa fedha, hutumwa mtoto, na kila mmoja hula kwa wakati wake na katika pembe yake: huyu mbele ya televisheni, yule na simu mkononi. Baba akichelewa hukuta chakula chake kwenye hotpoti. Watu wa nyumba moja wamekula, lakini hawakula pamoja.

Sisi tunaouandaa ukurasa huu hatuyasemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole, kwani majumbani mwetu nasi yalitufika. Katika kuitafutia hali hiyo dawa, lililotufaa zaidi ni jambo dogo la jikoni: mikate midogo ya kujaza, ambayo watoto wetu huiita pizza ya kukunja.

Kukunja unga juu ya kitoweo si jambo geni. Waitaliano wa Naples wana calzone, pizza iliyokunjwa katikati ikawa mfano wa nusu mwezi. Waarabu wana mutabbaq, na Mombasa kuna mkate wa mayai wa jamaa hiyo hiyo. Zanzibar, katika bustani ya Forodhani, wapishi huukunja unga mwembamba juu ya nyama na yai kwenye chuma cha moto, nao wameuita pizza. Mkate tunaouelekeza hapa ni ndugu wa hao wote, ila huu huumuliwa kwa hamira, wala hauhitaji mafuta mengi.

Kwa mikate 10, chukua unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula, na maji ya uvuguvugu kiasi cha mililita 300. Hamira ni kiumbe hai, na maji ya moto huiua. Maji yawe kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kanda kwa dakika 10 hadi donge liwe laini na lisigande vidoleni. Lifunike kwa kitambaa kibichi na uliache mahali penye joto kwa muda wa saa moja, hata liongezeke mara mbili.

Unga ukiumuka, tayarisha nyama. Nusu kilo ya nyama ya kusaga, tangawizi na kitunguu saumu, vipikwe pamoja mpaka nyama ikauke. Kisha tia kitunguu maji, pilipili hoho, karoti iliyokunwa, nyanya 2, chumvi na pilipili manga. Ikiwa mfuko ni mwepesi, robo kilo ya nyama ikichanganywa na maharage yaliyopondwa hutosha kabisa. Mchicha au samaki aliyechambuliwa miiba pia hufaa. Mwenye kupenda jibini na aitie kidogo, lakini asome kwanza maandishi ya pakiti, kwani jibini nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa mnyama.

Mara ya kwanza tuliingiwa na pupa. Tukajaza nyama ikiwa ya moto na ina mchuzi, mikate ikapasuka, mchuzi ukatapakaa katika trei, tukala mikate mitupu na nyama pembeni. Tangu hapo tunashika mambo mawili: nyama iwe kavu, na iwe imepoa.

Sasa ndipo ifikapo sehemu tunayoipenda zaidi. Gawa unga madonge 10, kisha waite watu wa nyumbani. Mmoja asukume donge hadi lienee kisahani cha chai. Mwingine aweke nyama upande mmoja, akibakisha ukingo wa upana wa kidole. Wa tatu apake maji ukingoni, akunje, na abane kwa uma. Kazi hii haina umri wala haichagui mke na mume. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, basi baba asione uzito kushika mpini wa kusukumia.

Mmoja wetu ana kijana wa miaka 12 ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa mkimya, chakula akila chumbani. Jioni moja alipewa kazi ya kubana kingo. Alipofika mkate wa nne au wa tano, macho yakiwa kwenye uma, alisema kwamba kijana mkubwa humnyang'anya fedha za chakula kila siku njiani. Baba yake hakuacha kusukuma unga. Aliuliza polepole, akajibiwa polepole. Kesho yake walifuatana hadi shuleni. Jambo lile lilikuwa limekaa kifuani mwa mtoto siku zote hizo, na nyumba nzima ilikuwa ikipita karibu naye.

Toboa kila mkate juu kwa uma ili mvuke upate njia, upake yai au maziwa, na uoke kwa dakika 20 katika oveni ya nyuzi 200. Asiye na oveni atumie kikaango kizito chenye mafuta kidogo, moto mdogo, mfuniko juu, dakika 6 hadi 7 kila upande. Au sufuria, na kupalia makaa juu ya mfuniko kama tufanyavyo kwa mikate mingine.

Ipange katika sinia moja pamoja na kachumbari, simu ziwekwe mbali, na isomwe Bismillahi kwa pamoja. Itakayobaki ifungiwe watoto kwa shule. Chagueni jioni moja ya juma, muishike, na Inshaallah mtayasikia ambayo nyumba ilikuwa haijayasikia.